Willis Carrier: alitaka kukausha karatasi, akatuachia klimatizere na faktiri yake

Ukifika Walikale-centre wakati wa mvua, ingia katika nyumba moja ya fotokopi ukae hapo dakika kumi. Utaona kijana anafungua mashine mara tatu kwa dosiye moja tu. Karatasi zinashikamana mbili mbili, zimekunjamana kwenye kona, wino haushiki vizuri. Mteja ana haraka, motari anamngoja inje. Kijana anakamata ramu ya karatasi, anaiweka karibu na taa ili ikauke kidogo, kisha anaanza tena. Wenye kazi hii wanajua kama mashine haiko mbovu. Ni hewa. Huku bondeni msitu unapumua maji usiku na mchana, na karatasi inayanywa.

Shida hiyo hiyo, karatasi kunywa maji ya hewa, njo ilileta klimatizere duniani. Ilikuwa mwaka 1902, katika kiwanda cha kuchapa huko Brooklyn, New York. Aliyeitwa kuitafutia dawa alikuwa injinia wa miaka 25, jina lake Willis Haviland Carrier. Hakutumwa kupoza watu, alitumwa kukausha hewa.

Ninaandika maisha yake kwa sababu moja. Yaya yangu, mtoto wa Masisi sawa mimi, vita vilimsukuma mpaka Kisangani. Huko akapanga nyumba yenye klimatizere ya zamani ukutani, na kwa mtu aliyekomaa kwenye baridi ya vilima vyetu, ile mashine ilikuwa zawadi ya Mungu. Kisha faktiri ya umeme ikaanza kula minerval ya watoto. Wengi wanaosoma ukurasa huu kutoka Uvira, Kalemie, Kindu ao Kisangani wanaijua habari hiyo. Kumbe jibu lilikuwa ndani ya kazi ya yule bwana wa Brooklyn, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na tunalimwaga inje kila siku kupitia mpira mdogo unaotoka ukutani.

Carrier alizaliwa tarehe 26 Novemba 1876, katika kijiji kinachoitwa Angola. Si Angola jirani yetu, hapana. Ni Angola ya jimbo la New York, karibu na ziwa Erie, mahali ambako majira ya baridi theluji inafunika kila kitu. Baba yake alikuwa mkulima. Alikuwa mtoto wa pekee, na alikomaa katikati ya watu wazima.

Shuleni alikwama kwenye hesabu za sehemu, zile za nusu na robo. Mama yake hakumpiga na hakumtukana. Alimtuma chini kwenye stoo alete matofaa, akayakata: nusu, robo, moja ya nane, akamfundisha kujumlisha na kutoa kwa vipande vile. Mama huyo alikuwa pia anajua kutengeneza saa na mashine ndogo za nyumbani. Alikufa wakati Willis alikuwa na miaka 11. Katika maisha yake yote, Carrier alikuwa akisema kama siku ile ya matofaa ilimfundisha namna ya kukamata shida kubwa na kuikata vipande. Mimi ninamkumbuka mwalimu wangu mmoja aliyetumia ndizi kwa kazi hiyo hiyo, na darasa zima lilielewa kwa sababu mwishoni tulizikula.

Feza zilikosekana nyumbani. Alifundisha shule kwanza, akaweka kidogo kidogo, kisha akapata nafasi katika chuo kikuu cha Cornell. Huko alikata nyasi za watu, akawasha moto wa kupasha nyumba, na pamoja na wenzake akaanzisha kazi ya kufulia wanafunzi nguo. Mwaka 1901 akamaliza masomo ya injinia. Akaingia katika kampuni ya Buffalo Forge, mshahara dola 10 kwa juma.

Kazi zake za kwanza ziko karibu na maisha yetu kuliko mtu anavyofikiri: mashine za kukausha mbao, na mashine za kukausha kahawa. Yaani tangu mwanzo huyu mtu alikuwa mtu wa kutoa maji ndani ya vitu. Mkulima wa kahawa anaijua kazi hiyo. Jua likikosa siku nne, hewa ikiwa nzito, kahawa inaoza kwenye meza hata kama kuko joto. Joto peke yake halikaushi. Hewa inayozunguka ndiyo inatakiwa kuwa na nafasi ya kupokea maji.

Turudi Brooklyn. Kiwanda cha Sackett-Wilhelms kilikuwa kinachapa magazeti ya rangi. Wakati ule kila rangi ilichapwa peke yake: karatasi inapita na nyekundu, inangoja, inarudi kupita na njano, inarudi tena na bluu. Siku hewa imejaa maji, karatasi inatanuka kidogo sana, pengine unene wa unywele. Kesho hewa imekauka, karatasi inajikunja. Basi bluu inaanguka pembeni ya njano, midomo ya mtu kwenye picha inakaa juu ya shavu. Karatasi zinatupwa, wafanyakazi wanangoja, mteja anakasirika.

Carrier alichora mpango wake, na michoro ile inabeba tarehe ya 17 Julai 1902. Feni inavuta hewa, inaipitisha juu ya mabomba yenye maji baridi. Hewa inapogusa bomba baridi, maji yaliyokuwa ndani yake yanaganda kuwa matone na kuanguka, sawa vile chupa ya bia iliyotoka kwenye frigo inavyolowa mezani. Hewa inayoendelea mbele imepungukiwa maji. Ili kufanya kazi hiyo, mashine yake ilihitaji nguvu ya kupoza sawa na kuyeyusha karibu tani 49 za barafu kila siku. Kwa ajili ya karatasi!

Na hapa kuko kitu ambacho kilinishangaza. Mpango wake ulitaka unyevu wa hewa ubaki asilimia 55 mwaka mzima. Na joto? Kwa majira ya joto aliliweka kwenye fahrenheiti 80, ambayo ni karibu digrii 27 zetu. Klimatizere ya kwanza kabisa ilipangwa digrii 27. Yaya yangu kule Kisangani alikuwa anaweka 16, kwa sababu namba ya chini ilionekana kama thamani zaidi ya feza yake.

Ile kazi ya kwanza haikumtuliza Carrier. Alitaka kujua ginsi ya kuamuru hewa ibebe maji kiasi fulani, si zaidi, si pungufu. Jibu lilimkuta mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1902, usiku, kwenye stesheni ya gari la moshi la Pittsburgh. Kulikuwa baridi na ukungu mzito. Alitembea huku na huku akingoja treni, akiuangalia ule ukungu.

Ngoja nilieleze kwa vilima vyetu, kwa sababu mtu wa Masisi ataelewa upesi kuliko mtu wa Pittsburgh. Asubuhi kwenye malisho ya Masisi, ng'ombe wanasimama ndani ya ukungu, nyasi zimelowa, suruali inalowa mpaka magoti. Mtu anaweza kusema: hapa hewa ina maji kupita mahali pengine pote. Sivyo. Hewa ya baridi ni kikapu kidogo. Kwa digrii 15, mita moja ya ujazo ya hewa haiwezi kubeba maji zaidi ya gramu 13 hivi. Kikapu kimejaa, kinamwagika, njo umande ule na ukungu ule. Shuka sasa Walikale, mchana, digrii 30: kikapu ni kikubwa, kinaweza kubeba gramu 30. Hauoni ukungu, lakini ndani yake kuko maji mengi zaidi. Ndiyo maana jasho linakataa kukauka, karatasi inalegea, nguo zinatoa harufu ndani ya sanduku.

Hicho njo Carrier alikiona pale stesheni. Ukungu ni hewa iliyojaa, lakini kwa kuwa iko baridi, maji yake ni machache. Basi mtu akiipoza hewa mpaka kipimo anachotaka, ikamwaga maji yaliyozidi, kisha akaiacha ipate joto tena kidogo, atakuwa na hewa kavu, na atajua hesabu yake sawasawa. Alitengeneza ukungu wake mwenyewe kwa kunyunyizia maji baridi ndani ya sanduku. Kukausha hewa kwa kuilowesha: wenzake waliona ni wazimu. Hati ya uvumbuzi ilitolewa tarehe 2 Januari 1906, namba 808,897.

Kwa hiyo klimatizere ni kipande cha Masisi kilichofungiwa ndani ya sanduku. Inakamata hewa ya Walikale, inaipeleka Masisi kwa dakika moja, inaiacha imwage umande wake, halafu inairudisha chumbani. Safari hiyo njo tunalipia.

Na umande unalipiwa bei kubwa. Kugeuza mvuke kuwa maji, litre moja tu, mashine inapaswa kuondoa joto la karibu theluthi mbili ya kilowati-saa. Mashine nzuri inahamisha joto mara tatu ya umeme inaokula. Fanya hesabu: kila litre inayodondoka kwenye ule mpira wa inje imekula karibu robo ya kilowati-saa, hata kabla chumba hakijapoa digrii moja. Ndoo ya litre 10 ni kilowati-saa mbili na nusu hivi. Tunazoea kupima faktiri kwenye konteri, lakini unaweza kuipima pia kwa ndoo.

Nilimwambia yaya aweke ndoo chini ya mpira ule usiku. Asubuhi ilikuwa imejaa na kumwagika. Tukaanza kutafuta maji yale yanatoka wapi.

Hayakuwa siri. Dirisha la chumba lilikuwa na chandarua lakini kioo hakifungi vizuri, basi usiku mzima mashine ilikuwa inakausha hewa ya Kisangani nzima, hewa ya mto Congo na msitu wake. Katika kolido nguo za watoto zilianikwa kwa sababu ya mvua: nguo zile zilikuwa zinakauka vizuri sana, na yaya alikuwa analipia kila tone. Jikoni sufuria ya maharagi inachemka saa tatu bila kifuniko, mlango wazi. Sakafu inapigwa deki jioni, kabla ya kulala, na maji mengi. Kila kitu kilikuwa kinatengeneza mvuke upande mmoja, na upande mwingine mashine inaugeuza maji tena. Nilicheka, kisha nikaacha, kwa sababu ile ilikuwa feza ya shule.

Carrier mwenyewe aliendelea na viwanda. Mwaka 1907 kazi yake ilivuka bahari mpaka kiwanda cha hariri cha Yokohama, Japani. Nyuzi za pamba na hariri zinakatika hewa ikiwa kavu mno; tumbaku, chokoleti, dawa, kila moja ina unyevu wake. Mwaka 1911 alisimama mbele ya chama cha mainjinia wa Marekani akawapa fomula zake zinazounganisha joto, unyevu na kile kipimo ambacho umande unaanza kuanguka. Mpaka leo mwanafunzi anayesomea kazi ya kupoza hewa anakutana na mchoro wake.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, wakubwa wa Buffalo Forge waliogopa, wakataka kuacha kazi hii ya kupoza hewa. Mwaka 1915 mainjinia saba, yeye akiwa mmoja wao, wakaweka pamoja akiba zao, dola 32,600, wakafungua kampuni yao. Kampuni hiyo bado iko na inabeba jina lake. Wanaosimulia habari zake wanasema alikuwa msahaulifu kupita kiasi. Safari moja alibeba valizi kubwa, alipoifungua ndani kulikuwa leso moja tu. Kichwa kilikuwa kwenye hesabu.

Mwaka 1922 akaonyesha mashine mpya, ndogo kuliko zile za zamani na isiyotumia amonia, gesi inayoweza kuua watu ikivuja. Hiyo njo ilifungua mlango wa mahali ambako watu wanakusanyika. Duka kubwa la Hudson huko Detroit ndilo lilitangulia, mwaka 1924, kwa sababu siku za bei ya chini wateja walikuwa wanazimia ndani ya chumba cha chini.

Kisha ikaja sinema ya Rivoli, New York, mwaka 1925. Mkubwa wa usalama wa mji alikataa kutoa ruhusa, hakuiamini gesi mpya. Carrier alimwaga kidogo ndani ya chombo mbele yake, akawasha kiberiti na kukitupa ndani. Ikawaka polepole, bila kulipuka. Ruhusa ikatoka. Sipendekezi mtu ajaribu hivyo na gesi ya leo.

Siku ya kufungua, mwisho wa mwezi wa 5, watu walipanga mstari mrefu barabarani, na wengi wa wanawake walikuwa na kipepeo cha mkononi, kwa sababu nani anaamini ahadi za matangazo? Carrier na wenzake walikuwa nyuma, jasho linawatoka. Mashine ilichelewa kuwashwa. Milango ilifunguliwa, watu wakajaa ukumbi mara moja, kila mtu akiingia na joto lake na mvuke wa pumzi yake. Vipepeo vikaanza kutembea, mia kwa mia. Kupoza ukumbi uliokwisha kujaa watu na joto ni kazi mara mbili kuliko kuupoza mapema, na wao walikuwa wanajua hiyo kupita mtu yeyote. Dakika zikapita. Kipepeo kimoja kikashuka, halafu kingine, mwishoni vyote vikatulia mapajani. Adolph Zukor, mkubwa wa filamu aliyekuwa amekaa juu kwenye baraza ya ukumbi, aliondoka akiwa amekubali kama hii kitu watu wataipenda.

Ile dakika ya vipepeo ninaitumia mara nyingi kueleza kwa nini mashine ya nyumbani inalia bila kupoza. Chumba kimekula jua la mabati tangu saa sita, hakina plafo, dirisha la magharibi halina rido, saa kumi na mbili jioni mtu anarudi, anaweka 16 na kungoja. Kuta ni moto, plafo ni moto, kitanda ni moto. Kuweka 16 hakuharakishi kitu katika mashine nyingi za kawaida. Kunaifanya tu isipumzike. Plafo chini ya mabati, hata ya triplex, na mahali joto la juu linatokea inje. Mti ao baraza upande wa jua la jioni. Rido nzito iliyofungwa kabla ya saa nane: hivi vinafanya kazi bila konteri kuzunguka. Nyumba za zamani, zile zenye baraza pana na plafo ya juu, zilijengwa na watu waliokuwa hawana klimatizere. Baada ya Carrier, wajenzi wengi wa dunia waliacha kufikiria jua, wakijua mashine itarekebisha. Sisi tunajenga hivyo pia sasa, kuta nyembamba na madirisha ya kioo yasiyofunguka, na wakati mwingine hata mashine hatuna.

Feni haipozi chumba. Inakausha jasho, na mwili unasikia kama digrii zimeshuka. Ndiyo maana feni kwenye chumba kisicho na mtu ni hasara. Lakini feni ya wati 60 ikifanya kazi saa 8 haifikishi nusu ya kilowati-saa, na klimatizere ndogo inayokula wati 1,000 inaweza kufikisha mpaka 8 kwa saa hizo hizo. Ukiziweka pamoja, mashine kwenye 26 ao 27 na feni juu ya kitanda, usingizi unakuja sawa na ule wa 22. Wahandisi wanakadiria kila digrii unayopandisha inapunguza matumizi asilimia 5 mpaka 6. Kutoka 16 kwenda 26 hesabu yake kila mtu aifanye mwenyewe.

Filtiri pia. Yaya alikuwa hajui kama ile kifuniko cha mbele inafunguka. Ndani kulikuwa vumbi nene kama blanketi. Tuliiosha na maji na sabuni, tukaianika kivulini. Na kama mashine inapuliza lakini haipozi, bomba linaganda barafu, hata filtiri ikiwa safi, hapo pengine gesi imevuja; kuijaza kila baada ya miezi miwili bila kuziba tundu ni kumlipa fundi kwa kazi isiyoisha, na gesi zile zinaharibu anga.

Carrier alipoza ukumbi wa bunge la Marekani mwaka 1928 na wa maseneta mwaka 1929. Miaka ya 1930 ilikuwa ya njaa ya feza dunia nzima, na mashine ya nyumbani aliyoitoa haikupata wanunuzi. Lakini katika miaka ile ile kampuni yake ilipeleka hewa baridi chini kabisa, katika mgodi wa dhahabu wa Robinson Deep huko Johannesburg, mahali ambako joto la mwamba lilikuwa linaangusha wachimbaji. Nikisoma hiyo ninawaza vijana wetu wa mashimo ya Walikale na Rubaya, wanaoingia na tochi kichwani na chupa ya maji. Kwa hao hakuna aliyeleta hata feni.

Mwaka 1939, kwenye maonyesho makubwa ya New York, alijenga nyumba yenye umbo la barafu ya Waeskimo, watu wakawa wanaingia kuonja hali ya hewa ya kesho. Alikufa tarehe 7 Oktoba 1950, miaka 73. Wakati huo Wamarekani wachache tu walikuwa na klimatizere nyumbani. Leo karibu nyumba 9 kati ya 10 kwao zinayo, na kupoza majengo, pamoja na feni, kunakula karibu sehemu moja ya kumi ya umeme wote wa dunia.

Kwetu hesabu iko tofauti. Walikale, paneli ya jua ya nyumba inabeba taa, simu, pengine televisheni. Klimatizere inataka gurupe, na mafuta ya gurupe yanapita barabara ambayo wote mnaijua. Biro chache zinazo, na maduka ya dawa yangezihitaji kuliko biro, kwa sababu dawa nyingi zinaandikwa zisivuke digrii 25 ao 30. Kwa mwenye gurupe, kuwasha mashine ile njo wakati mbaya kabisa, inavuta umeme kwa nguvu mara kadhaa kuliko inapotembea. Zile zinazoitwa inverter zinaanza polepole na kutembea polepole. Ni ghali dukani, lakini kwa anayelipa mafuta kwa bidoni tofauti inaonekana upesi. Kwenye telekomande nyingi kuko pia alama ya tone la maji: hapo mashine inakausha zaidi kuliko kupoza, feni yake inazunguka taratibu. Siku ya mvua, wakati joto haliko kali lakini ngozi inanata, hiyo inatosha. Ni ile kazi ya Brooklyn, hakuna kingine.

Na kijana wa fotokopi? Hana haja ya klimatizere. Sanduku la mbao linalofunga vizuri, ndani balbu ndogo ya wati chache inayotoa joto kidogo, si zile za LED zisizotoa joto, na ramu za karatasi zikae mbali nayo. Hewa ikipata joto kidogo ndani ya sanduku, kikapu kinapanuka, kinaacha kumpa karatasi maji.

Yaya alihamisha kamba ya nguo kwenye baraza, akaziba dirisha, akaanza kufunika maharagi, na deki inapigwa asubuhi. Namba iko 26, feni inazunguka. Juma lililopita alinitumia picha kwa simu, saa kumi na mbili asubuhi: ndoo ile ile chini ya mpira, maji hayafiki nusu. Maji yenyewe hayatupi, anayatumia kuoshea choo. Konteri bado inakula, lakini mwezi huu mtoto wa tatu hakurudishwa nyumbani kwa sababu ya minerval.